Ng'ombe Anayejilamba Mgongo

Watoto wa Eldoret siku hizi wana vipaji, haki ya Mungu. Ingia darasa lolote la Gredi ya Nne siku ya kuleta kazi ya sanaa ujionee: nyumba za kadibodi zilizoezekwa kwa karatasi ya fedha, twiga waliosimama wima na madoa yao yamepangwa sawasawa, mabango ya kutunza mazingira yenye herufi zilizonyooka hata mwenye duka la mabango angeona wivu. Mtoto mwenyewe aliyeileta hajui kufunga kamba za viatu vyake. Lakini twiga wake, wacha tu! Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vingi vilivyoelea katika shule moja karibu na mtaa wa West Indies, shule ambayo jina lake tuliache lipumzike, viliundwa na mtu mmoja, juu ya meza moja, katika chumba kimoja cha kupanga. Jioni aliviunda. Asubuhi alivipa alama.

Jina lake Johnstone Okeyo. Walimu wenzake walimwita Mwalimu wa Rangi, na hawakumwita hivyo kwa heshima.

Okeyo alizaliwa kando ya ziwa, akaletwa Eldoret angali anabebwa mgongoni, baba yake alipopata kazi katika kiwanda cha nguo. Alisoma hapa, akaenda chuo cha ualimu, na somo alilolichagua kwa moyo wake wote lilikuwa sanaa. Kumbe alikuwa amechagua gari linaloshuka bei. Hajakaa sawa, sanaa ikaondolewa kwenye mtihani wa kitaifa, na sote tunajua somo lisilotahiniwa nchini Kenya ni kitu gani. Ni kipindi cha kusahihishia hesabu. Vijana waliosomea sayansi wakaajiriwa, Okeyo akabaki na cheti chake kwenye bahasha.

Basi akashika brashi. Kwa miaka mingi, kama ulinunua nyama mjini humu ukainua macho juu ya mlango wa bucha ukamwona ng'ombe mweusi na mweupe amesimama kiubavu, miguu minne imenyooka, jicho moja linakutazama, huyo alikuwa wa Okeyo. Chini ya kwato aliandika jina lake kwa herufi ndogo nzuri. Alichora ng'ombe hao mpaka mkono ukawa unawachora wenyewe huku yeye akipiga soga na mwenye bucha. Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na mwenye bucha akaona ni heri picha ya ng'ombe wa Uholanzi iliyotoka kwenye kompyuta. Okeyo akakaa bila kazi. Mkewe Adero akarudi ushago kando ya ziwa na watoto, akalime.

Kwa hiyo mtaala mpya ulipokuja na kuirudisha sanaa darasani, na bodi ya shule ikatafuta mtu wa kuifundisha, Okeyo alilia. Mtu mzima, nywele za kisogoni zimeanza kuwa nyeupe, alisimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu akalia kwa furaha, kisha akaenda kununua koti. Ajira ya bodi si ajira ya serikali, mshahara wake huja ukipenda. Hakujali. Alikuwa mwalimu.

Siku ya kwanza aliwaambia watoto wachore ng'ombe. Darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni, watoto wanne kwenye dawati la wawili. Wote wakashika penseli, wote wakamtazama yeye.

"Mwalimu, chora kwa ubao tukopi," akasema mmoja.

"Hakuna kukopi. Chora ng'ombe unayemjua."

"Sasa tutajuaje ndio huyo?"

Okeyo alicheka, lakini moyo ulimuuma. Hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye pia: mwalimu achore ubaoni nyumba yenye madirisha mawili na jua kwenye kona, na watoto wainakili, na mwenye jua la mviringo zaidi apate vema. Alikula kiapo mle darasani kwamba hatachora kitu ubaoni. Samaki mkunje angali mbichi, alijiambia, na hawa wangali wabichi.

Wiki iliyofuata alibeba gunia la udongo kutoka kingo za mto Sosiani, akaugawa. Watoto walifinyanga chapati, nyoka na vikombe, hasa nyoka. Okeyo akazunguka akiwasifu nyoka wao. Akafika dirishani, kwa msichana mwembamba wa sweta iliyolegea mikono, jina lake Jelagat, akasimama.

Mezani alikuwapo ng'ombe. Hakusimama kiubavu. Alikuwa amekunja shingo nyuma kabisa ili ajilambe mgongo, ngozi ya shingo imefanya mikunjo, na mguu mmoja wa nyuma ameusogeza nje ili asianguke. Huo mguu! Okeyo alikuwa amechora ng'ombe wa kutosha kujaza malisho yote ya Uasin Gishu, na hakuna hata siku moja aliyowaza kwamba ng'ombe akigeuza shingo lazima uzito wake uende mahali.

"Umemwona wapi huyu?" akauliza.

"Ni wa Kogo." Kogo ndiye bibi, kwa Wanandi. "Tulikuwa naye Chepsaita. Kogo akimkamua alikuwa anajilamba hivi."

"Na sasa yuko wapi?"

"Waliuza. Waliuza na shamba." Alilisema hilo bila kuinua kichwa, huku akiukandamiza mkia kwa kidole gumba.

Jioni ile Okeyo alimpigia Adero simu, na badala ya kuuliza habari za mahindi akamweleza habari za mguu wa ng'ombe. "Yawa, Adero, nimempata," alisema. "Mmoja tu. Huyu mtoto ana jicho. Nikimlinda mpaka atoke Gredi ya Sita bila mtu kumharibia huo mkono, nitakuwa nimefanya kazi yangu duniani." Adero akamwambia sawa, na karo je? Okeyo akasema itapatikana.

Hilo ndilo alilolitaka Okeyo, na tuseme ukweli, hakutaka kubwa. Hakuomba cheo wala gari. Aliomba mkono wa mtoto mmoja usife jinsi wake ulivyokufa.

Sasa njoo kwa wazazi.

Mtaala huu unataka mtoto apewe kazi afanye nyumbani kwa vitu vinavyopatikana. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini mzazi anafunga duka giza likiingia, anafika nyumbani anamkuta mtoto amelala na ujumbe kwenye kundi la WhatsApp unasema kesho aje na mfano wa boma. Afanye nini? Anakata kadibodi yeye. Na mzazi mmoja akikata, wa pili hawezi kumwacha wake aende na kitu kilichopindapinda, akaonekana hana mtu. Wa kwanza kuchoka alikuwa Mama Brian, muuza nafaka, mwanamke wa sauti kubwa na moyo si mbaya, aliyekuwa akiwakilisha wazazi kwenye bodi. Alimfuata Okeyo hadi kwake West Indies, mwanawe nyuma.

"Mwalimu, hii kitu umepea watoto inaua wazazi. Mimi natoka shop nimechoka, nikae chini nibandike majani? Si wewe ndio unajua. Tusaidie, na sisi hatutakuacha hivyo hivyo."

Mshahara wa bodi ulikuwa haujaonekana tangu shule zifunguliwe. Okeyo aliangalia ukuta, akaangalia simu, akajiambia kumsaidia mzazi si dhambi. Alitengeneza boma zuri, na uzio, na mbuzi wawili wa pamba. Brian aliketi mkekani akila mandazi na kutazama katuni kwenye simu ya mama yake. Alipoulizwa kama anataka kubandika mbuzi, alisema ana mafuta mikononi.

Asubuhi boma lile lilifika mezani mwa mwalimu. Okeyo alishika kalamu nyekundu. Kuna daraja nne, na mzazi yeyote wa Kenya anazijua kuliko Baba Yetu: Kuzidisha Matarajio, Kufikisha, Kukaribia, na ile ya aibu, Mbali na Matarajio. Angeandika nini, mtu wa watu? Kazi ilikuwa nzuri. Aliandika Kuzidisha Matarajio, kwa zile herufi zake za mabango, akaona haya, haya ikapita.

Siri ya mzazi mmoja ni ya kundi zima. Wakaja wengine, kwanza kwa kunong'ona, baadaye wazi kabisa, wakimpigia hodi jioni kana kwamba yeye ni fundi cherehani. Karo ya watoto wake ikaanza kulipika. Hakuna aliyesema kitu shuleni, maana kila mtu alikuwa na lake humo: mtoto alipata daraja, mzazi alipata usingizi, shule ilipata sifa, na Okeyo alipata unga. Yeye akajituliza kwa jambo moja. Jelagat hakuwamo. Jelagat aliishi chumba kimoja na Kogo kule chini karibu na mto, Kogo hana simu ya WhatsApp, na kila alicholeta kilikuwa cha vidole vyake. Mradi huyo yuko salama, alijiambia, hawa wengine si walikuwa wanakopi tu?

Mwisho wa muhula wa pili wakatangaziwa wageni kutoka ofisi ya elimu. Mwalimu mkuu, Madam Virginia, mwanamke nadhifu aliyeogopa wageni kuliko alivyomwogopa Mungu, akaagiza maonyesho. Mada: wanyama wa nyumbani. Jioni za wiki hiyo chumba cha Okeyo kiligeuka zizi. Alitengeneza ng'ombe wa kadibodi, ng'ombe wa magazeti yaliyolowekwa, ng'ombe wa vitambaa, wote weusi na weupe, wametiwa vanishi wanang'aa. Vidole vyake havikusimama hata kufikiri.

Jelagat alichukua udongo nyumbani. Alimfinyanga tena yule ng'ombe wa Chepsaita, mkubwa kuliko wa kwanza, akamkausha kivulini, chini ya kitanda. Siku moja Kogo aliinama kuchukua viatu akamwona. Kogo, ambaye hakuwa amemtaja ng'ombe yule tangu wanawe wauze shamba, alikaa sakafuni akamshika pembe. "Ni yeye," alisema. "Alikuwa anatoa maziwa akijilamba hivi." Akampa mjukuu wake leso yake nzuri ya kanisani amfungie ng'ombe, asivunjike njiani.

Asubuhi ya wageni, meza zilipangwa chini ya hema uwanjani. Madam Virginia alipita akikagua, Mama Brian pembeni yake kwa niaba ya wazazi, Okeyo nyuma na kalamu nyekundu. Kila kitu kilimpendeza Madam. Alifika mwisho wa meza akakunja uso.

"Hii ni nini?"

Ng'ombe wa udongo alikuwa amepasuka kidogo begani, na pembe moja ilikuwa imegandishwa kwa uji. Hana rangi.

"Ni ya Jelagat," akasema Okeyo. "Madam, hii ndiyo..."

"Haijapakwa hata rangi! Wageni waone hii waseme nini, kwamba hatufundishi? Mwalimu, vigezo si unavijua? Unadhifu, rangi, umaliziaji. Ipe daraja yake uitoe hapa mbele."

Okeyo alifungua mdomo. Alikuwa na maneno, mengi tu, alikuwa ameyapanga tangu ile siku ya gunia. Alitaka kusema kwamba kwenye meza yote ile ndefu, kazi ya mtoto ni hii moja. Lakini ukisema hivyo, swali linalofuata ni lipi? Hizi nyingine ni za nani?

Mama Brian akatabasamu. Hakuwa na ubaya, alitaka tu mambo yaishe. "Mwalimu, wewe unajua kazi ya hawa watoto kushinda sisi wote. Ama niaje?"

Okeyo aliinama, akaandika kwenye kikaratasi, herufi zimelala vizuri, kila moja na mkia wake: Mbali na Matarajio. Akamchukua ng'ombe na leso yake akampeleka stoo, nyuma ya madebe ya rangi. Nitamweleza baadaye, alijiambia. Nitamwita pembeni nimwambie. Uwongo wa watu waoga wote duniani ni huo, nitamweleza baadaye.

Wageni walikuja, wakapiga picha na ng'ombe wanaong'aa, wakanywa soda, wakaenda. Jelagat alikuwa amekisoma kikaratasi chake kwa kidole, neno kwa neno. Hakulia. Alianza kuzunguka meza ya mbele polepole, akimwinamia kila ng'ombe, akitazama tumboni, akitazama kwato. Kisha akamjia Okeyo.

"Mwalimu, hawa wote ni wa mtu mmoja."

"Nani amekuambia?"

"Miguu. Wote wamesimama tu, hakuna mwenye amebeba uzito. Na wote wanaangalia huku. Ni kama yule wa bucha ya zamani, yule ako na jina." Alimwangalia usoni, na mashaka hayakuwemo machoni mwake wala hasira. Ilikuwa ni heshima tupu. "Ni wewe, mwalimu?"

Hapo ndipo angesema. Mtoto alikuwa amemfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Darasa zima, shule nzima, mwenye jicho la kuutambua mkono wa mtu alikuwa ni huyu mmoja, na jicho hilo ndilo Okeyo aliloapa kulilinda.

"Rudi darasani," akasema.

Alienda stoo kesho yake. Ilikuwa imefagiliwa. Mzee wa usafi alimwambia vitu vilivyovunjika amevimwaga shimoni nyuma ya vyoo, ila leso ameitundika msumarini kwa sababu ilikuwa nzima. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na mvua ya Eldoret haina huruma na udongo ambao haujachomwa. Okeyo alisimama ukingoni mwa shimo, koti limeloa, akatafuta hata pembe. Palikuwa na tope. Alichukua leso akamrudishia Jelagat, akamwambia ng'ombe alianguka.

"Sawa, mwalimu," akasema Jelagat.

Likizo ikapita. Muhula wa tatu ulipoanza tu, Jumamosi mchana, Okeyo alisikia hodi. Alidhani ni mzazi, na kweli alikuwa mzazi. Mlangoni alisimama mwanamke mzee mrefu, sweta imefungwa vifungo vyote, kuku mwekundu kwapani, na nyuma yake Jelagat.

"Chamgei, mwalimu."

"Chamgei, Kogo. Karibu, karibu ndani."

Kogo aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alitazama makopo ya vanishi, akatazama nusu ya mbuzi iliyokuwa ikikauka mezani, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefika ofisi aliyoelekezwa. Kisha akamweka kuku sakafuni, miguu imefungwa kwa uzi wa katani.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Sikujua iko njia. Huyu mtoto ndio ameniambia, wale watoto wanapita, mwalimu ndio anawatengenezea. Nikasema, kumbe! Sisi tunakaa tu. Mkono mtupu haulambwi, nimekuja na huyu. Anataga. Mtengenezee na yeye, apite kama wenzake."

Okeyo akaketi mbele yake. "Kogo, huyu hahitaji nimtengenezee. Mjukuu wako anajua. Anajua kuliko mimi mwenyewe."

Kogo alimtazama, akamtazama mtoto. Hakuwa akimtega. Aliuliza kwa sababu alitaka kuelewa.

"Kama anajua, kwa nini uliandika hajui?"

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Okeyo alisukuma kando makopo ya vanishi.

"Nilikosea, Kogo," akasema. Neno lilitoka. Lilikuwa limemkaa kooni likizo nzima, sasa limetoka, na machozi yakalifuata. "Nilikosea. Ile kazi yake ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Niliogopa."

"Wacha, wacha," Kogo akasema, ameona haya kwa niaba yake, akiangalia pembeni kumpa nafasi ajifute. "Mwalimu hakosei. Wewe ni mtu mzuri, unataka tu tusisikie vibaya. Sisi ndio tulichelewa kuja."

Hebu ona mambo hayo. Mtu anaungama kwa machozi, na yule aliyekosewa anakataa kulipokea ungamo, kwa adabu. Kwa watu wa rika la Kogo, mwalimu akisema mtoto ni mjinga, mtoto ni mjinga. Mwalimu ndiye aliyesoma. Ungeweza kumwambia kuwa chifu ameiba au kasisi amelewa, angeamini. Lakini si hilo.

Okeyo aliinuka ghafla, akafunua gunia lililokuwa kwenye kona, akatoa bonge la udongo mbichi akaliweka mbele ya Jelagat. "Nifinyangie yule. Yule wa kujilamba. Hapa hapa, Kogo aone."

Jelagat aliutazama udongo. Kwa kitambo kidogo vidole vyake vilicheza. Kisha akaipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Mimi sijui, mwalimu," alisema kwa upole. "Wewe ndio unajua."

Alijaribu kumrudisha kuku. Kogo aliumia wazi wazi. "Ni mdogo? Niongeze nini?" aliuliza, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba. Okeyo hakuweza kuistahimili sauti hiyo. Akampokea kuku.

Walipoondoka alifunga mlango akaketi na lile bonge la udongo. Alikata kauli: atamfanya ng'ombe wa Chepsaita mwenyewe, jinsi alivyokuwa, amrudishie mtoto kilichokuwa chake, aone, akumbuke. Alianza na shingo. Aliikunja nyuma, ikavunjika. Akaikunja tena, ikasimama, lakini ilikuwa shingo ya bomba. Mguu wa nyuma alijua kwamba unapaswa kwenda nje, alijua kabisa, ila kila alipoondoa macho kidogo mkono uliurudisha mguu mahali pake pa miaka yote, wima, chini ya tumbo. Aliukanda upya udongo, akaanza tena. Alilaani kwa Kijaluo, akalaani kwa Kiswahili. Jua lilipoanza kushuka mezani alikuwepo ng'ombe amesimama kiubavu, miguu minne imenyooka, jicho moja linamtazama. Kuku sakafuni alilia mara moja akanyamaza. Jumapili, udongo ulipokauka, Okeyo akamtia ng'ombe rangi nyeusi na nyeupe, kisha vanishi, akampelekea Jelagat.

Jumatatu Jelagat alimleta darasani amemfunga kwa leso ile ile. Alimweka mbele kabisa, kati ya wa Brian na wa wenzake waliobaki tangu maonyesho, akarudi nyuma hatua moja amtazame. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Okeyo alishika kalamu nyekundu na kuandika Kuzidisha Matarajio, na herufi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, zilimpinda.

Jelagat alisoma kwa kidole. Uso ukamfunguka. Alicheka, kicheko cha mtoto aliyepona, akakikunja kikaratasi akakitia ndani ya soksi ampelekee Kogo. Na Kogo alikibandika ukutani juu ya kitanda, na yule ng'ombe chini yake, na jirani yeyote akiingia alionyeshwa.

Mwisho wa juma lile kilikuwa kipindi cha udongo. Okeyo alikuwa amepita mtoni alfajiri, amebeba gunia zima, amechagua ule laini wa chini kabisa. Alizunguka akigawa, akampa Jelagat bonge kubwa kuliko wote, akajifanya anaenda kufungua dirisha. Darasa lilikuwa na kelele za nyoka na chapati. Alipogeuka, Jelagat alikuwa ameketi wima, mikono mapajani. Bonge lilikuwa mbele yake vile vile, bila alama ya kidole, na alikuwa amelifunika vizuri kwa karatasi lisikauke.

Aliinua mkono kuomba ruhusa, kama mtoto mwenye adabu anavyofundishwa.

"Mwalimu," aliuliza, "hii nikuletee nyumbani jioni?"